Difu ya Nguvu: Madereva Wasiojulikana Walioivusha Zambia

Novemba 1965 Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru, na tayari ilikuwa imekabwa koo. Tarehe 11 mwezi huo, serikali ya walowezi ya Ian Smith kule Rhodesia ilijitangazia uhuru wake bila ridhaa ya Uingereza. Mwezi uliofuata vikwazo vya mafuta vikaanza. Tatizo ni kwamba reli ya Zambia, mafuta ya Zambia na bandari ya Zambia vyote vilikuwa vinapita mikononi mwa huyohuyo Smith. Shaba, ambayo ilikuwa inaiingizia nchi zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni, ilikuwa inatoka kwa reli ya Rhodesia kwenda Beira. Petroli ilikuwa inarudi kwa njia hiyohiyo.

Mgao wa petroli ukaanza. Uingereza, Canada na Marekani zikaleta ndege kubeba mapipa ya mafuta. Hebu fikiria hiyo hesabu: ndege inachoma mafuta ili ipeleke mafuta. Ilisaidia, lakini hamna nchi inayoweza kuishi hivyo kwa miaka.

Ikabaki njia moja. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kupita Morogoro, Mikumi, Iringa, Mbeya, Tunduma, halafu Mpika mpaka Kapiri Mposhi na Lusaka. Karibu kilomita 2,000, na sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na uji wakati wa masika. Waliopita humo waliiita Hell Run, yaani safari ya jehanamu. Malori yalipanda na mapipa ya mafuta, ya yale ya lita 200, na yalishuka na shaba. Hakuna kurudi mtupu. Mzigo kwenda, mzigo kurudi.

Historia ya kipindi hiki imeandikwa sana upande wa marais, mabalozi na mikutano. Nyerere yupo, Kaunda yupo, Wachina wa reli wapo. Dereva hayupo. Utingo wake ndiyo kabisa, huyo aliyekuwa analala chini ya tela na kuruka na kigingi mkononi kila lori lilipoanza kurudi nyuma mlimani, hata jina lake la kwanza hujui. Walikuwa Watanzania, walikuwa Wazambia, na walikuwepo wageni waliofuata hela. Wengi walikufa humo njiani, wengine wakiwa na petroli mgongoni. Na kuna mtu mwingine ambaye hata kwenye picha za zamani haonekani kwa sababu muda wote yuko chini ya gari: fundi wa difu.

Hapa ndipo stori inakuwa tamu, kwa sababu swali lililokuwa linaamua nani anafika Lusaka na nani anabaki mlimani halikuwa la siasa. Lilikuwa la meno.

Iko hivi. Injini ya lori inazunguka haraka kuliko gurudumu linavyotakiwa kuzunguka. Kati yao kuna giaboksi, halafu propela, halafu difu huko nyuma. Ndani ya difu kuna jino dogo linaloitwa pinioni, linalosukuma duara kubwa la meno linaloitwa krauni. Ukihesabu meno ya krauni ukagawanya kwa meno ya pinioni unapata namba ya difu. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 inakupa 4.1, yaani propela inazunguka mara 4.1 ndipo gurudumu lizunguke mara 1.

Kama umewahi kumsikiliza dereva wa bodaboda akibishana na fundi kuhusu sproketi ya nyuma, basi hili unalijua tayari. Sproketi kubwa nyuma, pikipiki inapanda mlima na abiria wawili na gunia la mkaa, lakini kwenye lami inalia na haikimbii. Sproketi ndogo, inakimbia, lakini mlimani abiria wanaombwa washuke. Malori ya mwanzo kabisa ya karne ya 20 mengi yalikuwa hivyohivyo, yanaendeshwa kwa cheni na sproketi kama pikipiki. Mack ya Marekani iliendelea kuuza lori zito la cheni mpaka miaka ya 1930.

Kwa hiyo difu yenye namba kubwa ni difu ya nguvu, na yenye namba ndogo ni difu ya mbio. Watu wengi hulichanganya hili, wanadhani namba kubwa ndiyo mwendo mkubwa. Ni kinyume.

Sasa weka namba kwenye barabara ya 1967. Chukua lori lenye injini ya nguvu farasi 200, ambayo kwa wakati ule ilikuwa injini ya kutamba nayo, likiwa na jumla ya tani 30 pamoja na tela. Tairi moja kubwa la lori likizunguka mara moja linasogea kama mita 3.3. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, gia ya juu kabisa ambayo haipunguzi kitu, difu ya 4 inakupa karibu kilomita 99 kwa saa. Difu ya 6 inakupa 66 tu.

Mtu wa mjini atachagua 4 bila kufikiri. Nani asiyetaka kufika mapema?

Ila jiulize, ni wapi kwenye vumbi la Mikumi ya miaka ile au tope la kaskazini mwa Zambia ungeendesha tani 30 kwa kilomita 99? Mashimo ndiyo yalikuwa yanaweka spidi, sio difu. Ukiwa na difu ya 4 unakuta gia ya juu unaibeba tu kama pambo, huitumii hata siku moja, na gia ya kwanza ndiyo hiyo inakushinda ukifika mlimani. Yaani umelipia mbio usizoweza kukimbia, kwa nguvu uliyokuwa unaihitaji. Ndiyo maana malori mazito ya enzi hizo yalikuwa na difu za kati ya 5 na 7 bila mtu kushangaa.

Halafu kuna Kitonga. Kutoka bonde la Ruaha barabara inapanda ghafla kuelekea nyanda za Iringa, kona juu ya kona, ukuta upande mmoja na korongo upande mwingine. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na lori lilianzia bandarini. Injini za dizeli za wakati ule nyingi hazikuwa na tabo, na injini isiyo na tabo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kwa hiyo zile nguvu farasi 200 za Dar es Salaam zilipofika Iringa zilikuwa kama 170. Difu haikupungua. Jino ni jino, liwe pwani au Mafinga kwenye baridi.

Uzito wenyewe unafanyaje mlimani? Mlima unaopanda mita 8 kwa kila mita 100 unaivuta nyuma gari yenye tani 30 kwa uzito wa tani 2.4. Hizo tani 2.4 lazima zishindwe na meno kabla gari haijasogea hata inchi. Giaboksi za wakati ule zilikuwa na gia 5 au 6, nyingine 8. Gia ya kwanza ya 7 ikizidishwa na difu ya 6 inakupa 42, yaani nguvu ya kuzungusha inayotoka kwenye injini inafika kwenye gurudumu ikiwa imezidishwa mara 42. Gia hiyohiyo na difu ya 4 inakupa 28. Tofauti ya 42 na 28 ni tofauti kati ya lori linaloondoka na klachi inayotoa moshi. Na klachi ikiungua Kitonga mwaka 1967 hakuna wa kumpigia simu. Unashuka, unakaa, unasubiri wiki.

Lakini kupanda ni nusu tu ya habari, na pengine ni nusu iliyo rahisi. Kilichoua watu wengi kwenye milima ni kushuka. Zile tani 2.4 zilizokuwa zinakuvuta nyuma wakati wa kupanda, wakati wa kushuka zinakusukuma mbele, na safari hii una shaba mgongoni. Breki za ngoma zikipata moto zinalegea. Dereva aliyejua kazi hakutegemea breki, alitegemea injini imshike, na injini inashika gari kupitia meno yaleyale ya difu. Difu ya nguvu inashika, difu ya mbio inaachia. Ndiyo ile kanuni ya madereva wa zamani kwamba mlima unashuka na gia uliyopandia. Aliyeweka gia nyepesi ili awahi, aliwahi kweli, ila hakufika.

Wakati huo kulikuwa na ujanja mmoja wa kupata vyote viwili. Kufikia miaka ya 1930 kampuni ya Eaton ya Marekani ilikuwa inauza difu yenye mwendo wa aina mbili, na baada ya vita ikaingia kwenye malori ya Kiingereza kama Bedford yaliyokuja kwa wingi Afrika Mashariki. Kwenye kirungu cha gia kulikuwa na kiswichi kidogo. Ukikisukuma, difu inahamia kwenye nguvu. Ukikivuta, inahamia kwenye mbio. Gia 4 zinakuwa 8, gia 5 zinakuwa 10. Kwenye karatasi ni raha tupu. Mlimani ilitaka mkono wa mtu anayejua, kwa sababu ukibadilisha vibaya unaweza kujikuta huna gia kabisa, si ya nguvu si ya mbio, na tani zako zinaanza kurudi nyuma. Hapo ndipo utingo na kigingi chake wanapoingia kwenye historia, hata kama historia haikuwaandika.

Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zilianzisha kampuni ya pamoja ya malori na wabia wa Kiitaliano, na Fiat zikajaa barabarani. Waitaliano hawakuishia hapo. Walijenga pia bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, lililofunguliwa 1968. Siku bomba lilipoanza kufanya kazi, petroli ikaacha kupanda Kitonga kwenye mapipa. Madereva wengi walishusha pumzi. Wengine walikosa kazi. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja.

Kisha ikaja reli. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba kati ya 1970 na 1975, ikikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Na katika miaka hiyohiyo barabara nayo ikapata lami.

Lami ndiyo iliyobadilisha difu. Hili halizungumzwi kabisa, watu wanadhani ni injini tu zilizobadilika. Lami ilipofika, mashimo yakaacha kuamua spidi, na ile difu ya 6 iliyokuwa mkombozi ikageuka mzigo. Lori linalia kwenye mbuga ya Mikumi kwa kilomita 66, injini iko juu, dizeli inakwenda, na basi la abiria linakupita linapiga honi. Miaka ya 1970 pia ndiyo kiwanda cha Kibaha kilipoanza kuunganisha Scania, na Scania ilikuja na fikra ya Ulaya kaskazini: tabo, torki nyingi kwenye mizunguko midogo, na gia nyingi zaidi. Ukiwa na gia 10 au 12 hulazimiki kuiachia difu kazi yote. Gia ya kwanza ya 12 na difu ya 3.4 inakupa 41, karibu sawa na lile lori la zamani, na gia ya juu bado unakimbia. Difu ikawa nyepesi kwa sababu giaboksi ilichukua mzigo wake.

Sasa turudi mjini, maana hii sio stori ya wazee tu. Reli haikufikia kile ilichokusudiwa, mzigo ukarudi barabarani, na leo shaba na kobalti ya Kongo na Zambia inashuka Tunduma kwa malori kuliko wakati wowote. Kijana anayenunua lori lake la kwanza, mara nyingi lililotumika Ulaya, anaangalia nini? Anaangalia rangi, anaangalia kilomita zilizoandikwa, anasikiliza injini, anapiga picha anaposti. Difu haangalii. Na hilo lori lilitengenezwa kwa ajili ya barabara kuu za tambarare na uzito wa tani 40, ambao ndio kiwango cha kawaida huko. Huku anafungiwa tela na kupakiwa mpaka kikomo cha Afrika Mashariki, tani 56. Kwenye ule mlima wetu wa 8 kwa 100, tani 40 zinakuvuta nyuma kwa tani 3.2. Tani 56 zinakuvuta kwa karibu tani 4.5. Tofauti hiyo peke yake ni karibu tani 1.3.

Lori la namna hiyo linaweza kuja na difu ya 2.6. Kwa kilomita 80 kwa saa injini yake inazunguka kama mara 1,050 tu kwa dakika, kimya, inakunywa dizeli kwa adabu. Ndiyo ilivyotakiwa kule. Huku, likisimama kwenye foleni mlimani na tani 56 halafu likatakiwa kuondoka, klachi inalipa deni. Dereva wa lori lililo pembeni lenye difu ya 3.4 anaondoka polepole na anaonekana mjanja, kumbe ujanja uko kwenye krauni. Kwenye lami huyu wa 3.4 atazungusha injini yake kama mara 1,370 kwa spidi ileile ya 80. Dizeli kidogo zaidi kila kilomita, kwa kilomita nyingi sana. Hakuna cha bure.

Upande wa pili wa kosa upo pia. Tipa nyingi za Howo kutoka China zinakuja na difu yenye meno mengine ya kupunguza mwendo ndani ya kitovu cha gurudumu. Ukiona kitovu cha nyuma kimetokeza nje kama sufuria, ndiyo hiyo. Namba kama 5.73 ni ya kawaida kwenye hizo gari. Mgodini ni mnyama. Lakini unakuta mtu anaifungia tela na kuipeleka safari ya Lusaka: injini ikifika mizunguko 2,200 kwenye gia isiyopunguza kitu, lori linagonga kilomita 76 na ndiyo mwisho. Ndani ya kabati hamsikilizani. Mafuta yanakwenda, na dereva anashinda siku tatu zaidi ya wenzake.

Kitu kimoja difu haifanyi ni kuongeza nguvu farasi, ingawa vijiweni utasikia hivyo. Inabadilisha tu mwendo kuwa mvuto na mvuto kuwa mwendo. Lile lori la 1967, tani 30 na nguvu farasi 200, kwenye mlima wa 8 kwa 100 haliwezi kuzidi kama kilomita 23 kwa saa hata ukiliwekea difu ya dhahabu, na hapo hujaondoa hasara ya vumbi na mwinuko. Lori la leo la nguvu farasi 420 na tani 56 haliwezi kuzidi kama 26. Miaka karibu 60, tabo, kompyuta, viti vya hewa, na faida mlimani ni kilomita 3. Tumeongeza injini, tukaongeza na mzigo.

Namba ya difu kwa kawaida imepigwa kwenye kibati kidogo kilichobanwa kwenye nyumba ya difu. Kwenye gari zilizotumika kibati hicho mara nyingi kimeng'oka, au difu yenyewe ilishabadilishwa huko ilikotoka. Mafundi wa Gerezani na wa Kirinyaga Road kule Nairobi hawahitaji kibati. Gari inanyanyuliwa magurudumu ya nyuma yaache ardhi, gia iko huru, chaki inachorwa kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Gurudumu moja linashikwa lisizunguke, la upande wa pili linazungushwa mara 2 kamili, na mtu aliyelala chini anahesabu propela imezunguka mara ngapi. Ikizunguka mara 3 na karibu nusu, una difu ya 3.4. Kama gari ina difu mbili nyuma, zote mbili lazima ziwe na namba moja. Moja ikiwa 3.4 na nyingine 3.1 zitavutana zenyewe kwa zenyewe mpaka mojawapo ivunjike, na haitavunjikia gereji. Na ukibadilisha tairi ukaweka kubwa kwa asilimia 10, umeshaigeuza difu yako kuwa ya mbio kwa asilimia 10 bila kugusa jino hata moja, na spidomita inakudanganya juu yake.

Hiyo kazi ya chaki inachukua dakika 10. Fundi atataka hela ya chai.